"Ndoo" Si Ndoo Daima: Mwongozo Kamili wa Kuifunza Mashine Lahaja za Kiswahili

Bibi mmoja wa Mji wa Kale, Mombasa, alimwita mjukuu wake huku simu ikiwa mezani, imewashwa programu ya kunukuu na kutafsiri sauti. Alisema maneno mawili tu: "Ndoo hapa." Programu iliandika "ndoo hapa" bila kukosea hata herufi moja, kisha ikaleta tafsiri ya Kiingereza iliyozungumzia chombo cha kuchotea maji. Kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, ndoo ni njoo, kama vile nti ilivyo nchi, ndia ilivyo njia na mato yalivyo macho. Mjukuu aliangua kicheko. Bibi aliisukuma simu pembeni na hakuigusa tena jioni ile.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kikundi kidogo cha watu watano hadi kumi, walimu, wanafunzi, watangazaji wa redio za jamii au vijana wanaojua kompyuta, ambao wangependa kuona akili unde ikiwasikia watu wa kwao. (Ndugu zetu wa Tanzania wengi husema akili mnemba; maana ni ile ile na sitaigombania.) Nimechagua utambuzi wa sauti kwa sababu ndio mlango ambao mtu asiyependa kuandika, au asiyejua kuandika, huutumia kuingia katika huduma za simu. Mfano wangu ni Kimvita, lakini hatua zote zinafaa Kibajuni, Kipemba, Kivumba au Kingwana cha Kongo, na hata lugha nyingine kabisa kama Kidigo au Kipokomo.

Kwanza niondoe dhana moja. Husemwa kwamba Kiswahili kimeshahudumiwa, na ukilinganisha na lugha nyingi za Afrika kauli hiyo ina ukweli: kimo tangu 2021 katika Common Voice, mradi wa Mozilla wa kukusanya sauti za watu wanaojitolea, watafiti wa Masakhane, mtandao unaoshughulikia lugha za Afrika katika kompyuta, wamekifanyia kazi nyingi, na kampuni kubwa zimekiweka katika orodha za lugha zao. Hata hivyo, kampuni ya Marekani ya OpenAI ilipotoa mwaka 2022 modeli ya Whisper, yaani programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi, iliyofunzwa kwa saa 680,000 za sauti, sauti za Kiswahili zilizooanishwa na maandishi yake ya Kiswahili zilikuwa takriban saa 5 tu. Na Kiswahili kinachopatikana kwa wingi ni kile sanifu, chenye msingi wake katika Kiunguja, kilichochaguliwa katika mkutano wa mwaka 1928 uliofanyika, kwa kinaya cha historia, hapa hapa Mombasa. Kwa hiyo lugha inaweza kuwamo katika orodha huku nusu ya wasemaji wake wakiwa nje ya mlango.

HATUA YA KWANZA: Tengenezeni mtihani kabla ya kukusanya chochote

Vikundi vingi huanza kwa kurekodi. Kikundi chetu pia kilianza hivyo, na baada ya miezi mitatu tulikuwa na rekodi nyingi bila kujua tatizo tulilokuwa tukilitatua. Anzeni na mtihani, yaani seti ndogo ya sauti ambayo haitatumika kamwe kuifunza modeli, bali kuipima tu.

Amueni kwanza kazi moja na watu mahususi. "Kuwasaidia Waswahili" si kazi. "Kunukuu maelezo ya akina mama wa Mji wa Kale na Likoni wanapopiga simu kliniki kuulizia tarehe ya miadi" ni kazi, kwa sababu ina wasemaji wanaojulikana, maneno yanayotarajiwa na madhara yanayoonekana pale mashine inapokosea. Baada ya hapo tafuteni wasemaji wapatao 20 na mrekodi dakika kumi za kila mmoja. Mtapata saa 3 na dakika 20, kiasi kinachotosha kuonyesha tatizo liko wapi.

Katika hao 20, gawanyeni makundi kwa makusudi: wanawake na wanaume, vijana na wazee, waliozaliwa Mombasa na waliohamia, wenye meno na wasio na meno. Hilo la mwisho si mzaha. Mzee aliyepoteza meno ya mbele hutamka s na f kwa namna ambayo mashine haijawahi kuisikia, na ndiye mara nyingi aliye na haja kubwa ya kuzungumza badala ya kuandika.

HATUA YA PILI: Pimeni mifumo iliyopo, na mvunje wastani

Chukueni mifumo miwili au mitatu inayopatikana bure, ipitisheni seti yenu ya majaribio, kisha mlinganishe maandishi ya mashine na yale ambayo binadamu ameyaandika. Kipimo cha kawaida ni kiwango cha makosa ya maneno: hesabu maneno yaliyobadilishwa, yaliyoachwa na yaliyoongezwa, jumlisha, kisha gawanya kwa idadi ya maneno yaliyosemwa kweli.

Tuseme msemaji amesema: "Tukua mtele ule uweke ndani ya nyumba." Hayo ni maneno 7, na kwa Kiswahili sanifu ni "chukua mchele ule". Mashine ikaandika: "Tukuwe metele ule weka ndani nyumba." Tukua, mtele na uweke yamebadilishwa, ya imeachwa; makosa ni 4 kati ya 7, sawa na asilimia 57. Mtu akiisoma sentensi hiyo anaweza kubahatisha maana yake, lakini programu inayotakiwa kuitendea kazi haitaweza.

Pimeni pia makosa ya herufi, kwa sababu neno la Kiswahili hubeba sentensi nzima mgongoni. Mashine ikiandika "hatutawapeleka" badala ya "hatutawapelekea", imekosa herufi moja kati ya 15, na hesabu ya maneno huiona kama kosa zima. Wakati huo huo, herufi hiyo moja ndiyo inayotenganisha kuwapeleka watu na kuwapelekea watu kitu. Ndiyo maana vipimo viwili vinahitaji kusomwa pamoja, na mtu anayejua lugha akiwa karibu.

Jambo kubwa katika hatua hii ni kutoridhika na wastani. Mwaka 2018 watafiti Joy Buolamwini na Timnit Gebru walichapisha utafiti uliopima programu za kibiashara za kutambua jinsia kwa picha ya uso, wakitumia picha za wabunge wa nchi sita, zikiwamo Rwanda, Senegal na Afrika Kusini. Kwa wanaume weupe makosa hayakuzidi asilimia 0.8, ilhali kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7. Aliyeuliza wastani tu aliambiwa kwamba programu hizo zinafanya kazi vizuri. Basi nanyi chorani jedwali lenye safu ya kila kundi, na macho yaende moja kwa moja kwenye safu iliyo mbaya kuliko zote. Hiyo ndiyo namba ya mradi wenu.

HATUA YA TATU: Idhini, na sheria inayoilinda

Sauti ya mtu ni taarifa binafsi. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, Uganda ilipitisha yake mwaka huo huo, Rwanda mwaka 2021, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kwa Kenya, kazi yenye sura ya utafiti huhitaji pia kibali cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia, na kwa Tanzania ofisi ya kuanzia ni COSTECH, tume ya huko ya sayansi na teknolojia. Msirekodi watoto bila ridhaa ya mzazi au mlezi, na kama hamna sababu nzito, msiwarekodi kabisa.

Fomu ya idhini isiwe karatasi ya kusainiwa tu. Isomeni kwa sauti, kwa lahaja ya msemaji, kisha mwombeni aeleze kwa maneno yake alichokielewa. Mzee mmoja alitusikiliza kwa utulivu hadi mwisho, kisha akauliza, "Mwanangu, kwa hivyo sauti yangu mutaiweka pahali ambapo nikisha kufa itasalia?" Hilo lilikuwa swali ambalo fomu yetu haikulijibu. Siku hiyo tuliongeza aya inayosema rekodi zitahifadhiwa kwa muda gani, nani atakuwa na ufunguo, na familia inaweza kumwendea nani ikitaka ziondolewe.

Kila msemaji apewe namba, na orodha inayounganisha namba na majina ihifadhiwe mahali pengine, mbali na sauti. Namba hiyo ndiyo itakayowezesha kuziondoa rekodi za mtu atakayebadili nia. Lakini mwambieni ukweli: data ikishachapishwa hadharani na kupakuliwa na watu msiowajua, hakuna awezaye kuirudisha. Haki ya kujiondoa ina tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo iandikwe katika fomu.

HATUA YA NNE: Leseni iamuliwe kabla ya rekodi ya kwanza

Kuna njia mbili kuu na kila moja ina gharama yake. Common Voice hutoa data zake kwa leseni ya CC0, ambayo humruhusu yeyote kuzitumia kwa lolote, bila kulipa na bila kutaja. Faida yake ni kwamba data husambaa haraka na mwanafunzi wa Kisumu huipata sawasawa na kampuni ya California. Kinyarwanda kimekusanya zaidi ya saa 2,000 kwa njia hii na kuwa miongoni mwa lugha zenye sauti nyingi kabisa katika mradi ule. Hasara yake ni kwamba mwenye mashine kubwa ndiye hunufaika zaidi, kisha hurudi kuwauzia wenyeji kile walichokitoa bure.

Njia ya pili ni ile ya Te Hiku Media, kituo cha redio cha Wamaori kaskazini mwa New Zealand. Mwaka 2018 waliitisha jamii yao na wakakusanya zaidi ya saa 300 za sauti ndani ya siku 10, kisha wakakataa kuziachia kampuni za nje. Waliandika leseni yao wenyewe, yenye msingi wa dhana ya Kimaori ya uangalizi, kwamba data ni amana inayotunzwa kwa niaba ya jamii.

Mimi naelemea njia ya pili kwa lahaja ndogo na ya kwanza kwa Kiswahili sanifu, ila huo ni uamuzi wa jamii, si wa fundi wa kompyuta. Itisheni kikao, wekeni mifano yote miwili mezani, na muwaachie wasemaji wenyewe waamue. Kikao hicho kikifanyika baada ya kurekodi, idhini mlizokusanya hazitakuwa na maana, kwa kuwa mtu hawezi kuridhia jambo ambalo halijaamuliwa.

HATUA YA TANO: Watu waseme nini?

Njia rahisi ni kuwapa watu sentensi wasome. Sentensi hizo lazima zitoke mahali pasipo na hakimiliki ya mtu, na hapo ndipo wengi hukimbilia kumbukumbu za bunge, habari za magazeti na maandiko ya dini. Matokeo yake ni mashine inayojua "mheshimiwa spika" na "amin nawaambia" lakini haijui mtu anavyoitisha mkate wa mofa. Zaidi ya hayo, mtu wa Mombasa akisoma "njoo" iliyoandikwa atatamka "njoo". Karatasi imeshamsanifisha kabla hajafungua kinywa.

Kwa lahaja, basi, usomaji uwe sehemu ndogo na mazungumzo huru yawe sehemu kubwa. Tulichoona kinafanya kazi ni haya: kumwonyesha mtu picha ya soko la Marikiti na kumwomba aeleze anachokiona, kumwomba aeleze namna ya kupika kitu ambacho anajiona bingwa wake, kumwomba amwelekeze mgeni kutoka Ngome ya Yesu hadi nyumbani kwake. La mapishi ndilo hushinda yote. Mama ambaye dakika tano za kwanza alikuwa akijibu "eeh" na "la", ukimwuliza kwa nini wali wa nazi wa jirani yake hushikana, atazungumza dakika ishirini bila kukumbuka kuwa anarekodiwa, na hapo ndipo mtele, kutukua na kiteko hutoka vyenyewe.

Pamoja na hayo, kuna mambo ambayo lazima myatafute kwa makusudi kwa sababu makosa yake huumiza. La kwanza ni saa. Mtu akiambiwa miadi ni saa mbili asubuhi, anajua ni saa mbili baada ya jua kuchomoza; mashine iliyojifunza mpangilio wa Kizungu huandika 2:00, na mgonjwa aliyetarajiwa kliniki saa mbili asubuhi hufika saa nane mchana, amechelewa saa sita kamili. Kusanyeni saa za asubuhi, mchana, magharibi na usiku wa manane, na katika unukuzi andikeni kile kilichosemwa bila kugeuza. La pili ni pesa: "elfu mbili mia tano", "mia tano na hamsini", "thalathini na tano elfu", kwa mipangilio yote ambayo watu huitumia. La tatu ni majina ya watu na mitaa, kwani hakuna linalomwudhi mtu kama kubadilishiwa jina.

La nne ni mchanganyiko wa lugha. "Nimekutumia fare, cheki kama imeingia" ni sentensi ya kawaida ya mwanafunzi wa Mombasa, na mwalimu aliye ndani yetu sote hutamani kuifuta. Msiifute. Mkiondoa mchanganyiko, mtakuwa mmejenga mashine ya kuwasikia watu wasiokuwapo.

HATUA YA SITA: Kurekodi

Hapa sina mengi. Simu ya kawaida inatosha. Tumieni programu inayohifadhi faili za WAV, mkondo mmoja (mono), sampuli 16,000 kwa sekunde, biti 16. Saa moja huchukua takriban megabaiti 115, na saa 100 hazizidi gigabaiti 12, kwa hiyo diski moja ya nje na nakala yake mahali pengine zinatosha. Msitumiane rekodi kwa ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kwa sababu hubanwa na sehemu ya sauti hupotea njiani.

Chumba kisiwe kimya mno. Tulirekodi saa kadhaa katika chumba kizuri chenye mazulia, kisha modeli iliposikia sauti iliyorekodiwa barazani, pikipiki zikipita, ikawa kama kiziwi. Changanyeni mazingira, ila feni ya dari izimwe: mvumo wake haubadiliki, hufunika konsonanti na haumfundishi mtu yeyote kitu. Mwandike kwa kila rekodi mahali ilipofanyika, aina ya simu na kelele zilizokuwapo.

Jambo moja la utaratibu: nani anarekodi? Kijana wa kiume akienda kumrekodi mama wa makamo ndani ya nyumba yake, atapata Kiswahili cha mgeni, chenye adabu na ufupi. Mpeleke binti wa mtaa ule ule na mtapata lugha ya nyumbani.

HATUA YA SABA: Unukuzi, mahali ambapo haki hupotea kimyakimya

Kama nyote mtachoka na mna nguvu ya hatua moja tu, iwe hii. Mnukuzi wetu wa kwanza alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiswahili, mtu makini, mwenye hati safi. Baada ya wiki mbili tulikaa naye kusikiliza rekodi dhidi ya maandishi yake na tukagundua kwamba hapakuwa na nti hata moja, wala mato, wala ndia. Kila mahali alikuwa ameandika nchi, macho na njia. Tulipomuuliza, alishangaa kweli: "Lakini ndivyo inavyoandikwa." Hakuwa amedanganya, miaka yake thelathini ya kalamu nyekundu ndiyo iliyokuwa ikiandika. Modeli ambayo ingefunzwa kwa maandishi yale ingejifunza kwamba sauti ya "nti" ni makosa ya kuficha.

Suluhisho letu lilikuwa kuandika kila sentensi mara mbili, katika mistari miwili. Mstari wa kwanza ni kama ilivyosikika: "Nilimuona kwa mato yangu akipita ndia ile." Mstari wa pili ni usanifu wake: "Nilimwona kwa macho yangu akipita njia ile." Mstari wa kwanza huifunza mashine kusikia, wa pili huiwezesha kutafuta, kutafsiri na kuelewa, na ndio ungemwokoa yule bibi na ndoo yake. Kazi huongezeka, hilo sikatai, lakini mstari wa pili huandikwa haraka kuliko wa kwanza, na kurudi kuanza upya ni ghali zaidi.

Andaeni waraka wa kurasa mbili, si zaidi, wenye maamuzi ambayo kila mnukuzi atayafuata. Namba zote ziandikwe kwa maneno. Neno lililokatika katikati liwekewe alama moja inayojulikana. "Eeh", "yaani" na "basi" visifutwe. Neno la Kiingereza liandikwe kwa tahajia ya Kiingereza, au kwa ya Kiswahili, bali lisiwe leo hivi na kesho vile. Kwa Kimvita kuna suala la mpumuo: kaa la moto na k'aa wa baharini hutofautiana kwa pumzi inayotoka baada ya k, tofauti ambayo tahajia ya kawaida haiionyeshi. Sisi tuliamua kuiandika kwa alama ya ritifaa katika mstari wa kwanza na kuiacha katika wa pili. Ninyi mnaweza kuamua vingine; muhimu ni kwamba uamuzi uandikwe na tarehe yake iwekwe, kwa kuwa mtaubadilisha, na mtahitaji kujua ni rekodi zipi zilinukuliwa kabla.

Mnukuzi awe msemaji wa lahaja hiyo, si mtaalamu wa Kiswahili kwa jumla. Rekodi moja kati ya kila kumi inukuliwe na watu wawili wasioangaliana kazi, kisha mlinganishe. Wakitofautiana sana, tatizo liko katika waraka, kwa hiyo msianze kwa kumlaumu mtu. Na katika makadirio yenu ya muda, kumbukeni kwamba saa moja ya mazungumzo huru haiishi kwa siku moja ya kazi ukijumlisha mistari miwili na ukaguzi.

HATUA YA NANE: Malipo

Mwezi Januari 2023 iliripotiwa kwamba wafanyakazi wa Nairobi waliokuwa wakipanga maandishi ya kutisha ili modeli kubwa ya Marekani ijifunze kuyaepuka walikuwa wakilipwa chini ya dola 2 kwa saa. Kikundi kidogo hakiwezi kulaani jambo hilo huku kikiwapa wasemaji wake soda na asante. Lipeni kwa saa badala ya sentensi, kwa sababu malipo kwa sentensi humfanya mtu akimbie. Mlipeni msemaji, mnukuzi na mwenyeji aliyewafungulia nyumba, na kiwango kiandikwe waziwazi. Kama hamna fedha za kutosha, punguzeni saa za rekodi, msipunguze malipo.

HATUA YA TISA: Kuinoa modeli na kurudi kwenye mtihani

Hamtajenga modeli kutoka mwanzo. Mtachukua iliyokwishafunzwa kwa lugha nyingi na kuinoa kwa sauti zenu, kazi inayowezekana kwa kompyuta ya kukodi kwa saa chache, na saa 10 hadi 20 zilizonukuliwa vizuri zinatosha kuanza. Gawanyeni data kwa wasemaji, wala msigawanye kwa sentensi: mtu aliye katika mafunzo asionekane katika majaribio. Sisi tuliwahi kushangilia matokeo mazuri kupita kiasi hadi tulipogundua kwamba mzee mmoja alikuwa amerekodiwa mara mbili, mara moja kwa jina lake na mara ya pili kwa jina la mtaani, na mashine ilikuwa imeshaizoea sauti yake. Tangu hapo msajili wetu huuliza, "Na watu hukuitaje?"

Baada ya kunoa, rudini kwenye lile jedwali la hatua ya pili. Tazameni kama makosa ya safu mbaya yamepungua, kisha tazameni jambo ambalo wengi hulisahau: je, Kiswahili sanifu kimeharibika? Modeli iliyonolewa kwa Kimvita pekee inaweza kusahau ilichokuwa ikijua, ikaanza kuandika "ndoo" kwa mtu wa Dodoma aliyesema "njoo". Dawa yake ni kuchanganya sehemu ya sauti za sanifu katika mafunzo, na kupima pande zote mbili kila mara.

HATUA YA KUMI: Waraka wa data, na kurudi mtaani

Data isitoke nje bila waraka unaosema nani alirekodiwa na nani hakurekodiwa, wapi, lini, kwa simu gani, nani alinukuu, kwa kanuni zipi, na data hiyo isitumike kwa nini. Sehemu ya mapungufu iandikwe bila haya. Yetu inasema kwamba hatuna wavuvi wa kutosha, kwa sababu tulirekodi asubuhi, na asubuhi wavuvi wako baharini au wamelala.

Kisha rudini kwa watu wenyewe na matokeo mkononi, kabla ya kuyapeleka kwenye kongamano lolote. Mpeni kila msemaji nakala ya rekodi zake katika kadi ya kumbukumbu au simu ya mtoto wake. Familia nyingi hazina sauti ya mzee wao mahali pengine popote. Washeni modeli mbele yao na muwaache waijaribu wapendavyo. Tulimrudia yule bibi wa Mji wa Kale mwaka uliofuata. "Sabalkheri bibi," tukamwamkia, tukaweka simu juu ya meza ile ile. Aliitazama kwa muda, akaisogelea, akasema, "Ndoo hapa, mjukuu wangu, utukue sahani hizi." Mstari wa kwanza ukaandika alivyosema, wa pili ukaandika "Njoo hapa, mjukuu wangu, uchukue sahani hizi." Akamwomba mjukuu amsomee yote mawili, akasikiliza, kisha akasema wa pili unasema kama redio. Neno "sahani" alidai alilitamka vingine. Tukaisikiliza rekodi mara tatu. Alikuwa na haki, na tukaandika kosa hilo katika daftari la matoleo yajayo.